Siku Tatu kwenye Vilima vya Chokaa

Mke wangu alijifunza kupanda baiskeli akiwa na miaka arubaini na sita. Utotoni hakuwahi kuigusa. Mama yake, aliyezaliwa Unguja akaletwa Maskati angali msichana, alikuwa akisema mtoto wa kike hafundishwi kitu cha kumkimbiza nyumbani. Basi alijifunzia ukubwani, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa chuo kikuu, huku mtaani kwetu Al Khoudh, ambako alikuwa akifanya kazi maabara. Wenzake wawili walimshikia siti, mmoja huku na mmoja huku, naye akipiga kelele kwa Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja. Alirudi nyumbani viganja vimechubuka.

"Leo nimeruka," aliniambia.

Nikamuuliza karuka wapi, nikidhani kaanguka mtaroni. Kumbe alikuwa na maana ya kuruka kama ndege.

Baada ya miezi michache akawa anatoka na wanawake wanne au watano, wale wawili wakiwamo, mara tu baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Walikuwa wakienda kwenye wadi iliyo nyuma ya mtaa wetu. Maji hayapiti humo ila mvua kubwa ikinyesha milimani; siku nyingine zote ni changarawe tupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Baiskeli zao zilikuwa na matairi mapana yenye meno, yaliyotengenezwa kwa njia za namna hiyo. Alikuwa akirudi saa moja na nusu, vumbi kwenye nyusi, akaingia jikoni na kuanza kuimba huku akikaanga mayai. Sitasema uongo: nilimwonea wivu. Katika miaka yetu yote ya ndoa sikuwahi kumsikia akiimba asubuhi. Nikanunua baiskeli yangu, nikaanza kwenda naye siku za mapumziko.

Mimi kazi yangu iko Rusayl, kwenye kiwanda cha rangi. Kazi yenyewe ni kupima. Rangi haitoki mlangoni mpaka nijue ina uzito gani, inakauka kwa dakika ngapi, inashika ukutani au haishiki. Tabia hiyo niliingia nayo hadi kwenye baiskeli. Nilifunga kidude cha kuonyesha mwendo kwenye usukani, na kila tukirudi nilikuwa nikimsomea mke wangu: leo tumekwenda umbali huu, kwa muda huu, wiki iliyopita tulikuwa wepesi zaidi. Yeye kwenye usukani wake alifunga kifuko cha tende.

Wazo la Uingereza lilikuwa lake. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa skuli Unguja, na katika ujana wake alipelekwa Uingereza kusomea ualimu kwa mwaka mmoja. Hakuwa na mtu huko. Jumapili, milango yote ikiwa imefungwa, alikuwa akitembea kwa miguu peke yake kwenye vilima vya kusini ya nchi ile. Aliwahadithia watoto wake kwamba njia za huko ni nyeupe kwa sababu ardhi yake ni chokaa, na kwamba siku ya kwanza alipoiona aliinama, akaifikicha mkononi, akakumbuka nyumba za kwao zikipakwa chokaa kabla ya Idi. Alikuwa akisema siku hiyo alilia, mtu mzima, katikati ya kondoo.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, mke wangu alinionyesha video kwenye simu. Wanawake wawili walikuwa wakienda kwa baiskeli kwenye njia nyembamba, mashamba kulia na kushoto.

"Itazame hii njia," alisema. "Nyeupe. Ndiyo ile ya baba."

"Vilima virefu hivyo."

"Virefu, lakini vimejilaza. Kama mtu aliyelala ubavu, kajifunika shuka."

"Na mvua?"

"Ebo! Sisi watu wa Maskati ndio wa kuikimbia mvua?"

Nikakubali, kisha nikafanya kile ninachokijua. Nilitafuta njia ya siku nne, inayopita juu ya vilima vile na kuishia baharini. Nikaandika jedwali: kila siku tunaondoka saa ngapi, tunasali wapi, tunakula wapi, tunafika saa ngapi nyumba ya kulala wageni. Mke wangu alilisoma lote, akanirudishia karatasi.

"Mbona hukuandika saa ya kwenda chooni?"

Tulicheka. Jedwali halikubadilika.

Tulikodi baiskeli kwenye mji mdogo wa huko Uingereza, mwezi wa sita. Mwenye duka alimshushia mke wangu siti kidogo, naye akavaa kofia ngumu juu ya mtandio, tukaanza kupanda. Siku ile ya kwanza ilikuwa kama alivyoitaka. Hewa ilikuwa ya baridi kama iliyotoka kwenye jokofu, na jua lao halichomi, linakugusa tu. Ngano ilikuwa bado mbichi, upepo ukiilaza na kuiinua. Palikuwa na ndege wadogo wanaochomoka majanini na kupaa moja kwa moja juu huku wakilia, hadi hawaonekani, sauti ikabaki peke yake.

Kila shamba huko limefungwa kwa lango, kwa ajili ya mifugo, na anayepita hana budi kushuka, kufungua, kuvuka, na kulifunga tena. Kwangu mimi kila lango lilikuwa dakika mbili zilizopotea. Yeye aliyapenda. Alikuwa akiwatolea ng'ombe salamu, "Salaam aleikum, mabibi," na kulifunga lango taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Adhuhuri alishuka, akaokota kipande cha ile ardhi nyeupe, akakifikicha viganjani mpaka vikageuka vyeupe. Alisimama hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama saa.

Jioni alikohoa. Alisema ni baridi, na mimi nikasema ni baridi.

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Chokaa ikirowa inateleza kama sabuni, na ndani yake mna mawe meusi yenye makali ya kisu. Tairi langu lilipasuka mapema, nikapoteza muda kuliziba. Baada ya hapo nikawa na haraka. Mbele yetu kulikuwa na kilima kirefu kuliko vyote vya safari, na nyumba ya wageni niliyotupangia ilikuwa ng'ambo yake. Tulipoanza kukipanda, nilimsikia nyuma yangu akihema. Haikuwa pumzi niliyoizoea kule wadi. Ilikuwa fupi, ina mluzi.

"Kaza kidogo," nilimwambia. "Tukifika juu ni mteremko."

"Nnakaza."

Tulikwenda kidogo. Akasimama, mguu mmoja chini.

"Wewe tangulia," alisema. "Mie nnakuja."

Nami nikatangulia. Alinambia nitangulie, ni kweli, lakini mke akikwambia tangulia kwenye mvua, katika nchi ya watu, mume anatakiwa kujua la kufanya. Nilipanda mpaka juu bila ya kugeuka, na nilifurahi, maana miguu ilikuwa na nguvu na kile kidude cha usukani kilionyesha kwamba sikuwahi kupanda kilima vizuri kama siku ile.

Juu palikuwa na miti michache. Nilisimama chini yake nikamngoja. Robo saa ikapita. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Nusu saa. Nilirowa hadi mifupani, na hasira ikaanza kunipanda. Nilijiambia nikishuka nitalazimika kupanda tena, na atakuwa njiani tu. Sikushuka.

Hatimaye nilimwona akitokea kwenye ukungu wa mvua. Alikuwa akiisukuma baiskeli, ameinama juu ya usukani kama mtu anayesukuma gari bovu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Akafika mbele yangu, akasimama.

"Dakika arubaini na moja," nilimwambia.

Hilo ndilo neno nililompokelea. Sikumuuliza ana nini, wala sikumpa maji. Nilimpa kipimo.

"Samahani," alisema.

Siku ya tatu anga lilikuwa safi. Alivuka lango la kwanza, akavuka la pili, kwenye la tatu akaliegemea na hakulifungua.

"Mie basi," alisema.

"Bado kidogo tu tupumzike kwa chakula."

"Sikwambii nimechoka. Nnakwambia basi. Khalas."

Nilimjibu kwamba kesho tunafika baharini, kwamba tumetoka mbali, kwamba tutawaambia nini watu. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akakaa chini kwenye majani, akaifungua kamba ya kofia. Nilipiga simu huku na huku mpaka tukapata teksi kubwa inayochukua baiskeli, tukashuka nayo barabarani, na kwa saa moja na kitu tukawa tumefika mahali ambapo jedwali lilisema tufike kesho yake. Njia nzima alilala kichwa kwenye kioo.

Nilimwomba dereva atushushe karibu na ufuko. Nikazishusha baiskeli, nikazisimamisha na bahari nyuma yake, nikampa dereva simu yangu.

"Njoo usimame hapa," nilimwambia mke wangu. "Cheka kidogo."

Alinitazama. Alijua mara moja ninachokitaka.

"Haya, bwana," akasema, akaja, akacheka.

Ile picha niliituma kwa jamaa wote kesho yake, saa ile ambayo tungekuwa tumefika. Sikuandika uongo wowote. Niliandika "Alhamdulillahi" tu, na watu wakajijazia wenyewe. Tuliporudi Maskati wageni walikuja nyumbani, na hapo ndipo niliposema kwa mdomo wangu: siku nne, vilima vyote, mpaka baharini. Mke wangu alikuwa akiwamiminia kahawa. Alipofika kwangu alijaza kikombe, na wala hakuniangalia. Hakunisahihisha siku ile wala siku nyingine.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali kupigwa picha ya kifua. Nilishangaa kusikia kwamba miadi ilikuwapo tayari. Alikuwa amekwenda kwa daktari kabla ya safari kwa sababu ya kikohozi na pumzi vilivyokwisha kumwanza, akaambiwa apige picha haraka, naye akaomba siku isogezwe mbele wiki tatu, mpaka tutakaporudi. Hakuniambia. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye kizazi, ikapanda, na pafu moja lilikuwa limezungukwa na maji. Na pafu hilo ndilo alilopandia kile kilima.

Nilikasirika. Nilimfokea hospitalini, mbele ya muuguzi, kwa nini alinificha.

"Ningekwambia tungekwenda?" aliuliza.

"Tusingekwenda!"

"Basi."

Nilimfuata daktari kwenye ujia nikamuuliza zile wiki tatu zimefanya nini. Akaniambia hazikufanya kitu, hali ilikuwa imekwenda mbali zamani. Alisema kwa upole, akanigusa bega. Sijui kama ni kweli au aliniona tu uso wangu. Maisha yangu yote nimepima vitu vya watu, na jambo hilo moja sikuwa na cha kulipimia.

Aliishi miezi saba. Ile ya mwanzo ilikuwa na matumaini, kisha dawa zikaacha kufaa. Asubuhi moja, akiwa ameketi kitandani na nimemwekea mito mgongoni, alianza mwenyewe kuzungumza habari za siku ya pili.

"Unajua sikuwa peke yangu kwenye kile kilima?" alisema. "Alipita bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake. Aliniona nimekaa kwenye mvua, akakaa na mie. Alikuwa na chai kwenye chupa, akanipa. Chai mbaya, haina sukari."

"Mlizungumza nini?"

"Aliniuliza niko na nani. Nikamwambia mume wangu yuko juu, ananingoja. Akaniuliza, mbona hashuki kukutazama?"

Yeye aliendelea kwa sauti ile ile, kama anayehadithia habari za sokoni.

"Nikamwambia goti linakuuma."

"Goti langu halina kitu."

"Nnajua."

Kisha akacheka, na kucheka kukamtia kikohozi, nikamshika mpaka kikapita. Nilimwambia anisamehe. Alisema kashanisamehe, na kwamba nimpe maji. Nilimpa. Sikuhisi kwamba nimesamehewa, lakini hilo halikuwa kosa lake.

Alifariki mwezi wa Shaaban, mchana, binti yetu akiwa amemshika mkono. Ni mtoto wetu wa pekee, kaolewa, anaishi Suhar na mumewe. Siku tatu za maombolezo nyumba ilijaa. Wanawake walikuwa ndani na binti yangu, na kupitia mlangoni niliwasikia wakimsifu marehemu: mwanamke shupavu, mashallah, vilima vya Uingereza alivimaliza vyote, na kumbe ana maradhi mwilini. Binti yangu alikuwa akisema ndiyo, mama alikuwa hivyo. Sauti yake ilipata nguvu kila alipolisema.

Baada ya mwezi alikuja na ile picha ya ufukweni, kaikuza na kuitia fremu. Akaitundika ukumbini, mkabala na kiti changu. Nilikaa nayo kwa wiki mbili. Ijumaa ya tatu alipokuja kunipikia, nilimwita akae.

"Ile picha si ya kweli," nilimwambia.

"Si ya kweli vipi, baba?"

Nikamwambia yote: kilima, dakika arubaini na moja, lango la tatu, teksi. Nilimwambia mama yake hakumaliza, na kwamba mimi ndiye niliyetaka watu wajue amemaliza. Nilidhani nikishasema nitaona wepesi. Binti yangu aliitazama picha muda mrefu.

"Hapa anacheka kweli, au ulimwambia acheke?"

"Nilimwambia."

Alifunika uso kwa ncha ya mtandio. Alilia kama alivyolia siku ya mazishi, na aliponyamaza alisema, "Mie nilikuwa nikishika hicho tu, baba. Kwamba alifika." Halafu akaenda jikoni kutazama wali. Tulikula. Picha hakuiondoa, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini. Alirudi Suhar kabla ya magharibi, na zikapita Ijumaa tatu asije. Siku hizi anakuja, tunazungumza kila kitu isipokuwa hicho.

Mwaka huu wale rafiki zake wa wadi, waliomshikia siti, walitaka kwenda kuipita njia ile wenyewe, wamkumbuke. Mmoja wao alikuja kuniomba ramani. Nilimpa, nikamwambia na ukweli wake, kwamba sisi tulipita siku tatu, na ya tatu haikutimia. Aliitazama ramani.

"Basi siku ya nne tutakwenda kwa niaba yake, shemegi," akasema.

Nilimwandikia chini ya ramani mahali penye maji, mahali penye mawe yanayopasua tairi, na kwenye kile kilima niliandika wasiachane. Jedwali sikuwapa.

Walikwenda mwezi wa sita. Walinitumia picha chache za siku tatu za mwanzo, nikazitambua njia na miti. Siku ya nne hawakutuma kitu. Nilikaa na simu tangu asubuhi, na ilipokaribia alasiri hapa Maskati yule rafiki yake akapiga. Nilisikia upepo mkali na wenzake wakizungumza kwa mbali.

"Tumefika, shemegi. Tuko ufukweni."

"Alhamdulillahi. Hebu nambie, siku ya nne ikoje? Kuna nini huko?"

"Wallahi sina la kukwambia. Ukungu tangu tulipotoka. Mtu alikuwa akifuata taa ya mwenziwe mbele, basi. Hata bahari tumeisikia kabla ya kuiona."

"Hamkuona kitu?"

"Hatukuona kitu, shemegi. Nisamehe."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe, na wabadilishe nguo zilizorowa wasije wakaugua. Akaahidi watabadilisha. Simu ilipokatika msikiti wa mtaani ulikuwa unaadhini, nikaenda kutia udhu.